Slaidi haisafiri: nilivyopima kichocho na safura shuleni, Ukerewe na Misungwi

Nilipoanza kupanga utafiti wangu wa kichocho na minyoo ya safura kwa wanafunzi wa shule za msingi mkoani Mwanza, niliambiwa mambo matatu na waliotangulia: chukua watoto 384, kusanya choo na mkojo asubuhi kwa mkupuo mmoja, kisha leta slaidi mjini zisomwe kwenye hadubini nzuri. Yote matatu yana kasoro, na la tatu lilinigharimu shule nzima. Nayaandika kwa sababu bado wanafunzi wa uzamili wanapewa maneno hayohayo.

Nianze na hiyo 384, maana imegeuka kama amri. Inatoka kwenye fomula ya kawaida: 1.96 kwa kipeo cha pili, mara 0.5, mara 0.5, gawanya kwa 0.05 kwa kipeo cha pili. Hesabu ni sahihi, ila inadhani kila mtoto umemchagua peke yake kutoka eneo zima. Sisi hatufanyi hivyo. Tunaingia shuleni na kuchukua watoto wanaooga mwalo mmoja na kuchota maji sehemu moja, kwa hiyo mtoto wa pili anakupa habari chache kuliko wa kwanza, na wa hamsini karibu hakupi kitu kipya. Ili ulipie kufanana huko, chukua idadi ya watoto kwa shule, toa moja, zidisha kwa kiwango cha kufanana, ongeza moja. Ukikadiria kufanana ni 0.1, watoto 50 kwa shule wanakupa kizidishio cha 5.9. Watoto 20 kwa shule wanakupa 2.9. Nguvu iko kwenye wingi wa shule, si kwenye kujaza darasa.

Kwa bajeti ya mwanafunzi nilipanua kosa linalovumilika kutoka asilimia 5 hadi 10. Hapo fomula inatoa 96; mara 2.9 ni 279. Nikachukua shule 14, watoto 20 kila shule: saba za ufukweni Ukerewe, saba za ndani Misungwi. Nilijua tangu mwanzo kwamba kwa idadi hiyo ninakadiria hali ya eneo lote, na kwamba ulinganisho wa pande mbili utakuwa wa jumla tu. Niliandika hivyo kwenye pendekezo na sikuona aibu.

Kibali cha maadili na barua za mkoa, halmashauri na kata nazipita, kila mtu anaijua njia hiyo. Niseme moja tu: barua iliyogongwa mhuri wa halmashauri haimjibu mama anayeuliza, "Mwanangu, choo cha mtoto mnakipeleka wapi?" Swali hilo niliulizwa karibu kila kikao cha wazazi, na ni swali halali. Nilianza kuja na hadubini kwenye kikao chenyewe, pamoja na slaidi ya zamani yenye mayai, wazazi wakapanga foleni kuangalia. Yai la kichocho cha tumbo ni kubwa na lina mwiba ubavuni. Mtu ambaye hajawahi kushika hadubini analiona mara ya kwanza. Baada ya hapo fomu za ridhaa zilisainiwa bila kubembelezana.

Kwa upande wa visiwani, kupata akina baba ni suala la mwezi. Wavuvi wa dagaa wanavua kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea, taa haivuti dagaa, mitumbwi inapumzika. Basi nikapanga vikao vyote vya Ukerewe kwa kalenda ya mwezi mpevu, na hasa siku mbili tatu za mwanzo wa mapumziko, watu wakiwa bado kambini wanashona nyavu. Ukichelewa wanatawanyika makwao. Kikao kimoja nilichokiweka wakati wa giza kilikuwa cha akina mama watupu, na wengi wao walisema wanamngoja baba mtoto aamue.

Sasa kile kilichoharibika. Shule ya kwanza, ng'ambo ya kivuko cha Kisorya na Rugezi, tulifuata ushauri. Watoto walileta vikopo saa 2 asubuhi. Tukatengeneza slaidi zote 40 darasani, mbili kwa kila mtoto, kazi safi kabisa. Tukazipanga kwenye boksi, tukafunga, tukarudi mjini. Wasomaji walianza saa 11 jioni. Mayai ya kichocho yalikuwepo, yamejaa na yanaonekana vizuri. Ya minyoo ya safura: hakuna hata moja katika slaidi 40.

Kuna watu wangeandika hapo "safura haipo" na kuendelea. Kilichonizuia ni watoto wenyewe: shule ya sakafu ya vumbi, wengi peku, vyoo vimejaa. Kesho yake tulirudi, tukaomba choo kingine kwa watoto walewale, tukasoma slaidi palepale ndani ya nusu saa. Slaidi ya tatu tu, safura ikaonekana. Tukaiacha slaidi hiyohiyo juu ya hadubini, tukatia alama sehemu yenye yai, tukawa tunaitazama kila dakika kumi. Ganda lilianza kufifia, likawa kama kivuli, na baada ya muda usiofika saa moja na nusu pale palikuwa na uwazi mtupu.

Sababu iko kwenye dawa yenyewe. Njia hii ya kupima choo kwenye slaidi inaitwa Kato-Katz; iliyoanzia Japani mwaka 1954 na kurekebishwa Brazili mwaka 1972, inategemea selofeni iliyolowekwa kwenye glisarini. Glisarini ndiyo inayosafisha uchafu wa choo ili mayai yaonekane. Ganda la yai la kichocho ni gumu, linaistahimili kwa miezi. Ganda la yai la safura ni jembamba, nalo linasafishwa pamoja na uchafu. Una dakika 30 hadi 60, na kwa joto la huku nahesabu 40. Kwa hiyo slaidi ya safura haisafiri. Hadubini ndiyo inayosafiri.

Tangu hapo tulihamishia maabara darasani. Tulibeba hadubini mbili zenye kioo cha kuakisi mwanga, tukaziweka dirishani upande usiopigwa jua moja kwa moja, bila kutegemea umeme. Mtengenezaji mmoja, wasomaji wawili. Jambo lililotuokoa ni kutotengeneza slaidi zote kwa pamoja: alitengeneza kumi, akaandika saa kwa penseli kwenye ncha ya slaidi yenye ukungu, akasimama. Kila msomaji alichukua tano, dakika 8 kila moja, jumla dakika 40. Ndipo kumi nyingine. Slaidi 40 ni mafungu manne, kwa hiyo ukianza saa 4 asubuhi unamaliza kama saa 6 na dakika 40. Vikopo vinavyosubiri zamu vikae kivulini, vimefunikwa. Choo kinaweza kusubiri, slaidi haiwezi. Mzunguko wa kwanza ni wa safura. Kesho yake, saa 24 zikishapita, slaidi zilezile zinasomwa upya kwa ajili ya kichocho, wakati zimeng'aa.

Nimesema penseli, na sibadilishi. Glisarini inafuta wino wa maka peni, hata ule unaoitwa wa kudumu. Na namba ya mtoto iandikwe kwenye mwili wa kikopo, kamwe si kwenye kifuniko. Vifuniko ishirini vikifunguliwa mezani kwa wakati mmoja, viwili vitabadilishana, na hutajua.

Dawa ya kulowekea: glisarini mililita 100, maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke mililita 100, na mililita moja ya rangi ya kijani iitwayo malakaiti grini, ya asilimia 3. Selofeni ilowe angalau usiku na mchana mmoja. Choo kwanza kinapitishwa kwenye wavu, unakwangua kilichopenya upande wa juu, unajaza tundu la templeti, yaani kibao chembamba chenye tundu la kupimia choo, mpaka lijae bila kuacha hewa pembeni, unasawazisha, unainua templeti taratibu. Weka selofeni, geuza slaidi kifudifudi juu ya sehemu ngumu na laini, kandamiza mpaka choo kisambae sawa. Ukitenganisha, vuta kwa kuteleza ubavuni. Ukiinua juu unabandua selofeni. Kipimo changu cha unene ni gazeti: weka slaidi juu ya habari yoyote, maandishi yakisomeka chini yake, imekaa. Yasiposomeka, rudia. Choo cha maji hakipimiki kwa njia hii, mwombe mtoto alete kesho.

Halafu templeti. Kwenye boksi nililoazima kulikuwa na aina mbili zimechanganyika, na kwa macho ya haraka zinafanana. Yenye tundu la milimita 6 na unene wa milimita 1.5 inabeba miligramu 41.7, unazidisha mayai kwa 24 kupata idadi kwa gramu. Yenye tundu la milimita 9 na unene wa milimita 1 inabeba miligramu 50, unazidisha kwa 20. Ukitumia ya pili na kuzidisha kwa 24, umewaongezea watoto ugonjwa kwa asilimia 20, na hakuna programu ya takwimu itakayokugundulia. Nilizitenga kwa rula, aina moja nikairudisha mjini siku hiyohiyo.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Slaidi ya kwanza mayai 7, ya pili 10: wastani 8.5, mara 24 ni 204 kwa gramu. Kwa kichocho cha tumbo, Shirika la Afya Duniani linaweka 1 hadi 99 kuwa maambukizi mepesi, 100 hadi 399 ya kati, 400 na kuendelea makali. Angalia kwamba yai moja kwenye slaidi tayari ni 24, kwa hiyo mtoto mwenye mayai machache hupita bila kuonekana. Ndiyo maana nilichukua choo siku mbili tofauti. Siku mbili zenye slaidi mbili mbili zinakupa zaidi kuliko slaidi nne za siku moja, maana mayai hayatoki sawa kila siku.

Mkojo ni habari ya Misungwi zaidi. Ufukweni kinachotawala ni kichocho cha tumbo; ndani, kwenye malambo na majaruba ya mpunga, ni cha kibofu. Mayai yake hutoka kwa wingi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwa hiyo mkojo wa alfajiri unaokusanywa na choo ili kuokoa muda unakupa namba ya chini. Tuliwaacha watoto wacheze mpira kwanza, ndipo tukagawa vikopo saa 6 mchana. Tikisa kikopo kabla ya kuvuta mililita 10 kwa sirinji na kuzichuja, mayai yanazama chini. Ukisahau kutikisa, umechuja maji tu.

Dawa tuligawa siku ya tatu, prazikwanteli, dawa ya kichocho, kwa fimbo ya urefu: mtoto wa sentimita 125 hadi 137 vidonge viwili, wa 138 hadi 149 viwili na nusu. Kabla ya dawa, uji mzito wenye sukari. Msiubane mfuko hapo. Unga, sukari na kuni kwa shule moja havikuzidi elfu thelathini hivi, na tofauti ni kubwa: dawa hii ikimkuta mtoto na njaa inamchafua tumbo na kumtapisha mbele ya wenzake, na kijiji kizima kitasikia kabla ya jioni.

Slaidi za kichocho hatukuzitupa. Kwa kila slaidi kumi, moja ilipigiwa kura na kusomwa upya na mtu wa tatu asiyeona namba za kwanza. Kwa slaidi 1,120 za shule zote hiyo ni 112. Fomu yetu ina safu mbili ambazo sikuwahi kuziona kwenye fomu nilizoachiwa: saa ya kutengeneza, na saa ya kusoma. Shule ile ya kwanza, siku ya kwanza, safu hizo zinaonyesha pengo la zaidi ya saa saba, na kwenye uchambuzi matokeo yake ya safura nimeyaandika kuwa hayapo. Sikuyaandika kuwa sifuri.