Jumapili moja kwenye maporomoko ya Hérisson

Nianze na teksi, kwa sababu mpaka leo inaniuma. Kutoka stesheni ya Lons-le-Saunier, mji mdogo wa mkoa wa Jura mashariki mwa Ufaransa, hadi maegesho ya Menétrux-en-Joux, mahali ambapo njia ya maporomoko ya Hérisson huanzia, tulilipa zaidi ya euro 80. Huo mwendo ni mfupi kuliko Moshi mjini hadi Marangu! Dereva alitushusha, akatuonyesha juu ya gari taa ndogo ya kijani yenye herufi D. Dada, ambaye Kifaransa anakimudu, alinifafanulia: D ni nauli ya usiku, Jumapili na sikukuu, pale dereva anapojua kuwa atarudi bila abiria. Yaani ukimpeleka mtu porini siku ya Jumapili, anayekulipia safari ya kurudi ni yeye huyo uliyemshusha. Sheria inaruhusu, na mita ilikuwa wazi mbele yetu tangu mwanzo. Lakini euro 80 ni euro 80.

Dada huyu ni mtu wa Bukavu, anaishi Lyon miaka mingi, na ananiita mdogo wake tangu tulipokutana kanisani. Nilipolalamika alinishika mkono. "Mudogo, njo vile iko huku. Siku ya Mungu batu banafunga byote."

Na kweli walikuwa wamefunga vyote. Mabasi ya vijijini huko Jura yanafuata ratiba ya wanafunzi na wafanyakazi. Jumapili ya Agosti hakuna mwanafunzi wala mfanyakazi, kwa hiyo basi halipo. Duka la mikate hufunguliwa asubuhi kidogo, likifungwa limefungwa. Mgahawa unapika kuanzia saa sita hadi saa nane mchana, baada ya hapo mpishi anaondoka na jiko linabaki baridi hadi saa moja jioni, hata ukisimama mlangoni unazimia kwa njaa. Anayepanga kutembea kwenye maporomoko ya Ufaransa, basi, apange kwanza tumbo na usafiri. Miguu itajipanga yenyewe.

Njia yenyewe haina ugumu. Ni kama kilomita 3.7 kwenda, na ukitaka kurudi kwa miguu unazidisha mara mbili. Unapanda bonde lenye msitu wa miti iitwayo beech na misonobari, mto ukiwa pembeni yako, na unapita maporomoko makubwa na madogo mpaka kijiji cha Ilay. La kwanza kutoka chini linaitwa L'Éventail, mita 65. Kwenye picha zote tulizoziona wakati tunapanga, maji yake yanatawanyika juu ya ngazi za mwamba, meupe, mapana, yamejaza picha nzima. Kwa ajili ya hilo tulikuwa tumepanda treni alfajiri kutoka Lyon.

Tulikuta mwamba.

Sisemi hapakuwa na maji kabisa. Yalikuwepo, nyuzi tano au sita nyembamba, kila uzi umeshika njia yake. Nilikaribia mpaka nikaona jinsi mwamba ulivyopangwa matabaka membamba yaliyolala, na kila tabaka limevaa kuvumwani ya kijani iliyokauka pembeni na kulowa katikati. Tone linafika ukingoni, linasita, linavimba, halafu linaangukia tabaka la chini yake. Ungeweza kulifuata tone moja kwa macho. Mbele ya mita 65 za mwamba mtupu walisimama watu wengi na simu zao, hakuna aliyekuwa akipiga picha, na mtoto mmoja alikuwa akimuuliza baba yake kitu kwa sauti ya kudai.

Niliumia, sifichi. Picha zile zilipigwa majira ya kuchipua, theluji ikiyeyuka, au baada ya mvua za vuli, na popote tulipoziona hapakuandikwa mwezi. Kwa anayefunga safari ya maporomoko, mwezi ni muhimu kuliko umbali, kuliko ramani, kuliko hata viatu.

Tukapanda hivyo hivyo. Ngazi za mbao, vyuma vya kushikilia, daraja la miguu, kibao kila njia zinapokutana kinachokuambia umbali uliobaki. Alama ya njano kwenye mti maana yake endelea. Ikiwa msalaba, umepotea. Grand Saut, mita 60, lilikuwa na maji mengi kidogo kuliko L'Éventail, uzi mmoja mnene ukianguka moja kwa moja bila kugusa mwamba. Gour Bleu ndipo nilipofurahi. Ni bwawa dogo chini ya poromoko fupi, na kwa kuwa maji yalikuwa machache na yametulia, yalikuwa safi kiasi cha kuhesabu mawe ya chini, na rangi yake ya samawati ilizidi kukolea kuelekea katikati. Dada alivua viatu, akafungua chapati alizozipika usiku, tukala pale huku tukiwaangalia watu wakipita. Juu zaidi tulipita Saut de la Forge na Saut du Moulin. Majina hayo ni ya kazi: mto huu uliwahi kuendesha viwanda vya wahunzi na vinu vya kusagia, na magofu ya kinu bado yapo, kuta za mawe zimemezwa na miti.

Jambo lililonishangaza kuliko maji ni kwamba hatukulipa chochote. Mwenye gari analipia maegesho, anayekuja kwa miguu anapita tu. Hakuna mtu aliyetufuata kutuambia lazima tuchukue kiongozi. Niliona bibi wenye fimbo, niliona kina mama wamebeba watoto mgongoni, niliona vijana wa mjini wanaongea Kiarabu, na wote walipita kama watu wanaopita kwao.

Nikamkumbuka mama yangu. Amezaliwa Marangu, amezeekea Marangu, na maporomoko ya Kinukamori yako mwendo wa mguu kutoka kwake. Hajawahi kwenda kuyaangalia. Mgeni anashuka kwenye gari, analipa kiingilio, anapewa kijana wa kumwongoza, anapiga picha, anaondoka. Mama atalipa kiingilio ili akaone maji ya mto ambao alichota tangu utotoni? Najua kiingilio kile kinalisha familia, na vijana wale wanaoongoza wageni ni wadogo zangu, sitaki mtu awanyime riziki. Lakini natamani siku moja kila wiki mwenyeji aingie bure, na njia iwekwe vyuma vya kushikilia kama hivi, ili mtu wa umri wa mama ashuke bila kuogopa kuvunjika nyonga. Hilo halihitaji fedha za Ulaya. Mafundi tunao, na mbao tunazo.

Tulifika Ilay jioni, karibu na Saut Girard, poromoko la mwisho. Hapo ndipo tulipotapeliwa. Chumba tulichokodi kilikuwa kijiji cha mbele, na mwenyeji alikuwa ameandika kwamba huwachukua wageni kutoka Ilay. Dada akampigia. Akasema Jumapili hatoki. Dada akamsomea maneno yake mwenyewe, akajibu kuwa hayo ni ya siku za kazi, akakata simu. Mgahawa tuliouona ulikuwa umefunga jiko. Tukaanza kutembea kando ya barabara na mabegi, jua linashuka, ng'ombe wekundu wenye mabaka meupe wanatuangalia na kengele zao shingoni.

Kirikuu kimoja kikapita, kikasimama, kikarudi nyuma. Ndani alikuwa babu mwenye kofia, mfugaji mstaafu. Hakuuliza tunatoka wapi. Aliuliza kama tumeyaona maji. Dada alipomwambia tumeona mwamba, aligonga usukani kwa kiganja, akasema tupande.

Badala ya kwenda moja kwa moja, alikata kona kwenye njia ya malisho na kutushusha kwenye uzio. Kulikuwa na shimo katikati ya nyasi, mviringo, pana kama kisima cha ukoo, mawe meupe yamejitokeza pembeni. Kijito chembamba kilitambaa mpaka pale, kikaingia, kikapotea. Babu alichuchumaa akatuita tuinamishe masikio. Chini kabisa nilisikia maji yanatembea.

Nchi yote hii, alisema, ni mawe ya chokaa. Mvua inayeyusha chokaa kidogo kidogo kwa maelfu ya miaka, nyufa zinapanuka, maji yanazama na kusafiri chini kwa chini mpaka yaibukie kwingine. Kiangazi kikikaza, mto wa juu unakosa, wa chini unaendelea. Mwaka 2022, alisema, hata Saut du Doubs lililoko mpakani na Uswisi, mita 27, lilikauka kabisa, watu wakaenda kupiga picha za ukavu. Aliposema hilo sauti yake ilibadilika. Alipokuwa kijana, alisema, ukavu wa namna ile ulikuwa wa kusimuliwa na wazee. Sasa ameuona mwenyewe, zaidi ya mara moja.

Nilimwambia, dada akitafsiri, kwamba kwetu mlimani Kilimanjaro tunagawana maji ya mfongo, mfereji wetu wa kienyeji, kwa zamu, wazee wakipanga nani amwagilie lini, na kwamba miaka hii zamu inafika maji yakiwa hayatoshi kufikia mgomba wa mwisho. Alisikiliza bila kukatiza. Akauliza mfereji unachimbwaje, unateremka kwa mteremko gani, nani anausafisha. Tulikaa pale mpaka giza likaingia, tunaongelea mifereji.

Alitufikisha mlangoni, akakataa hela ya mafuta. Chumba kilikuwa euro 95, mashuka yanalipiwa peke yake, ushuru wa wageni peke yake kwa kila kichwa, na kifungua kinywa peke yake pia. Dada alimweleza mwenyeji yote yaliyokuwa moyoni kwa Kifaransa, halafu akamalizia kwa Kiswahili cha Bukavu.

Tumeshapanga kurudi mwezi Mei, siku ya kazi, tukiwa wanne ndani ya gari moja la kukodi. Namba ya babu dada anayo, atampigia wiki moja kabla kumuuliza kama mvua imenyesha.