Umerudi, na Mama Maria yupo nyumba ya tatu

Ukitua nyumbani mwezi wa kumi, katika mji mdogo wowote wa upande wetu, Biharamulo kwenda Ngara, kuna swali litakukuta hata mabegi hujafungua: "Sasa wewe utasali jumuiya ipi?" Usidhani ni umbea. Oktoba ni mwezi wa rozari, sanamu ya Bikira Maria inatembea nyumba kwa nyumba, na ratiba ilishapangwa tangu Septemba. Mwenyekiti wa jumuiya anataka kujua kama nyumba yenu ahesabu ina mtu au airuke kama miaka yote.

Tuliokaa nje muda mrefu tunarudi na mazoea ya kusali peke yetu: rozari ya kwenye simu, misa ya mtandaoni, mshumaa wa betri. Huku ibada kwa watakatifu inapita mlango mmoja, jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo, yaani familia za majirani zinazosali pamoja. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, waliamua hivyo katika miaka ya sabini, kwenye vikao vya 1973 na 1976, na mpaka leo karatasi zote zinafuata njia hiyo. Ubatizo wa mtoto, kipaimara, kubariki ndoa, hata maziko: unaanzia kwa mwenyekiti wa jumuiya, unapanda kanda au kigango (kanisa dogo chini ya parokia), ndipo unafika kwa paroko, padre mkuu wa parokia. Ukiruka ngazi utarudishwa chini, tena hadharani.

Kwa hiyo jambo la kwanza lifanyike kabla ya tiketi. Omba parokia uliyokuwa ukisali huko nje ikupe barua ya utambulisho, na kama ulipata kipaimara au ulifunga ndoa huko, njoo na nakala ya cheti chake. Sababu ni hii: kitabu cha ubatizo hakihami. Kinabaki parokia ulikobatizwa, na pembeni ya jina lako ndipo kipaimara na ndoa vinapoandikwa. Parokia ya ng'ambo hupaswa kutuma taarifa, lakini nyingi zinapotea njiani, na kitabu kinaendelea kukuonyesha kapera miaka kumi baada ya harusi. Siku ukitaka kuwa msimamizi wa ubatizo wa mtoto wa dada yako, ndipo mkanganyiko unapoanza. Cheti cha ubatizo cha zamani ulichokilaza sandukuni hakisaidii hapo. Kwa mambo ya ndoa paroko atataka nakala mpya, kwa kawaida iliyotolewa ndani ya miezi sita, kwa sababu anachotafuta ni yale maandishi ya pembeni.

Sasa jioni yenyewe. Sanamu ya jumuiya mara nyingi ni ya jasi, urefu kama futi mbili, na inaletwa kwa maandamano kutoka nyumba iliyolala jana. Wenyeji wa jana ndio wanaoisindikiza, wenyeji wa leo wanaipokea mlangoni. Andaa meza imara iliyokaa ukutani, isiwe katikati ya chumba ambako watoto wanapita. Tandika kitambaa cheupe, weka msalaba, Biblia, maua, na mishumaa miwili. Mishumaa isimame ndani ya glasi au bati lenye mchanga, mbali na maua na pazia. Ajali nyingi za jioni hizi ni kitambaa kushika moto wakati watu wote wamefumba macho. Kama una maua ya plastiki yaliyotoka ng'ambo, yaache kabatini. Mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania, atakuja na yake ya bustanini na atayaondoa yako bila kukuuliza.

Panga mabenchi na mikeka kwa watu thelathini hadi hamsini, na tochi ya akiba, maana umeme haujui Oktoba. Muda uende sawa na majirani. Kwenye mtaa wenye Waislamu, jumuiya zenye busara huanza saa kumi na moja na nusu ili nyimbo za mwisho zisigongane na adhana ya magharibi, na spika haitolewi nje.

Rozari tupu, makumi matano ya Salamu Maria, ni kama dakika ishirini. Kila kumi lina tendo lake, tukio la maisha ya Yesu na Maria la kutafakari. Ukiongeza nyimbo kati ya matendo, somo la Injili, litania (mfululizo wa maombi ya kumwita Bikira Maria kwa sifa zake), nia za wanajumuiya na matangazo, umefika saa nzima. Kiongozi anatamka, "Tendo la kwanza la furaha: Malaika anampasha habari Maria. Tumwombe Mungu atujalie unyenyekevu." Kisha anayeanzisha anasema nusu ya kwanza ya Salamu Maria na wote wanaitikia kuanzia "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu". Kumi la pili hupewa mtu mwingine, la tatu mwingine, na mgeni aliyerudi lazima apewe moja. Hapo ndipo wanaposikia kama Kiswahili chako cha sala bado kipo.

Wanaoumbuka zaidi ni walioondoka kabla ya 2002. Mwaka huo, Oktoba 16, Papa Yohane Paulo II aliongeza matendo ya mwanga: Ubatizo wa Bwana mtoni Yordani, arusi ya Kana, kutangazwa kwa Ufalme wa Mungu, kugeuka sura, na kuwekwa kwa Ekaristi. Siku zikasogea. Jumatatu na Jumamosi ni furaha, Jumanne na Ijumaa uchungu, Jumatano na Jumapili utukufu, na Alhamisi ni ya mwanga. Mwenye kitabu cha zamani ataanza Alhamisi na matendo ya furaha, na Jumamosi na utukufu, kama alivyofundishwa na katekista wake, na sebule nzima itamkazia macho.

Litania nayo imekua. Juni 2020 Papa Fransisko aliingiza maombi matatu mapya, Mama wa huruma, Mama wa matumaini, na lile la faraja ya wahamiaji. Vitabu vya sala vilivyochapwa kabla ya hapo havina hayo matatu, na jumuiya nyingi bado zinasoma vitabu hivyo hivyo vilivyochakaa. Ukiwa na kitabu kipya, uwe nyuma ya kiongozi, usimsahihishe katikati ya sala. Mwonyeshe baada ya matangazo. Lile la wahamiaji nadhani sisi tunalidai kwa haki zote.

Kuna jambo moja ambalo sisi waliorudi tunaliharibu kuliko wenyeji wote: chakula. Unataka kuonyesha shukrani, unapika pilau la watu hamsini, kreti mbili za soda, keki. Watu wanakula, wanakusifu. Kesho sanamu inakwenda kwa mjane wa nyumba ya nne, mwenye chai ya rangi na pengine hata hiyo hana. Yapo majumuiya ambamo familia zilianza kukataa kupokea sanamu, zikatoa visingizio vya msiba na safari, kwa sababu tu mtu mmoja aliinua kiwango. Ndiyo maana mahali pengi wamepiga marufuku kula siku za rozari, au wameruhusu maji tu. Uliza kanuni ya jumuiya yako mapema. Ukiwa na fedha ya kutoa, mpe mtunza hazina akuandikie risiti, ikanunue mishumaa ya mwezi mzima kwa nyumba zote.

Kila jumuiya ina somo wake, mtakatifu ambaye imejiweka chini ya jina lake: Mt. Yuda Thadei, Mt. Anthoni wa Padua, Mt. Josefina Bakhita, Mt. Karoli Lwanga, Mt. Kizito. Sikukuu ya somo ni siku kubwa kwao kuliko unavyodhani, na inatanguliwa na novena, siku tisa. Hesabu hapa huwashinda wengi. Novena inakwisha mkesha wa sikukuu. Siku yenyewe haihesabiwi. Yuda Thadei ni Oktoba 28, basi mnaanza tarehe 19 na kumaliza 27. Anthoni ni Juni 13, mnaanza tarehe 4. Karoli Lwanga na wenzake ni Juni 3, mnaanza Mei 25. Mkiihesabu sikukuu kama siku ya tisa, siku ya misa mtajikuta bado mna sala moja mkononi huku padre anasubiri. Novena ya Huruma ya Mungu ina utaratibu wake: inaanza Ijumaa Kuu na kuisha Jumamosi, mkesha wa Dominika ya Huruma. Misa ya somo ikiwa nyumbani kwa mwanajumuiya, padre apewe taarifa wiki kadhaa kabla, maana Juni 13 ina jumuiya za Anthoni kila kigango.

Zawadi. Aliyepita Lourdes (Ufaransa) au Fatima (Ureno), kwenye vituo vya hija vya Bikira Maria, anarudi na mzigo wa vitu vya ibada, na mzigo huu una mitego. Maji ya Lourdes yakiwa kwenye begi la mkononi yatachukuliwa kwenye viwanja vingi vya ndege kama chupa inazidi mililita 100. Yaweke begi kubwa, chupa imefungwa kwa mkanda shingoni na kuvishwa mfuko. Sanamu ya jasi ifungwe kwa nguo na ibebwe mkononi, kwani kinachovunjika kwanza ni vidole, kisha shingo. Ikifika, usiipeleke kanisani moja kwa moja. Kuweka sanamu kanisani ni uamuzi wa paroko, na anaweza kukwambia wazi kuwa Bikira Maria wa nne hana pa kusimama. Mpe jumuiya, au uiweke kwenu, baada ya kubarikiwa. Sanamu au rozari iliyobarikiwa ikiharibika kabisa haitupwi jalalani. Inazikwa ardhini au inachomwa.

Medali ya Mwujiza, ile inayotokana na maono ya Catherine Labouré pale Rue du Bac, Paris, mwaka 1830, ndiyo zawadi rahisi: nyepesi, haivunjiki, na mia moja zinaenea jumuiya nzima pamoja na watoto wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto kanisani. Skapulari ya Karmeli ina masharti. Ni vipande viwili vya kitambaa cha sufu rangi ya kahawia, kimoja kifuani kimoja mgongoni, na mara ya kwanza huvikwa na padre kwa ibada yake. Ukizigawa sebuleni kama pipi, mtu amevaa kitambaa tu. Ikichakaa, inayofuata mtu anajivisha mwenyewe. Kwa mkulima anayetoka jasho kutwa, medali ya skapulari inafaa zaidi, na Papa Pius X aliiruhusu tangu 1910.

Kisha kuna habari za matokeo ya Bikira Maria, yaani kuwatokea kwake watu, na hapa aliyerudi anaulizwa kana kwamba ulaya ndiko Mama anakotokea kila wiki. Yaliyothibitishwa yanajulikana: Lourdes, mara 18 kwa Bernadette Soubirous kati ya Februari 11 na Julai 16, 1858, Fatima, Mei hadi Oktoba 1917, kwa Lucia, Fransisko na Yasinta. Medjugorje, kule Bosnia, watu wanaiuliza sana. Septemba 2024 Vatikani iliruhusu ibada na hija za huko, bila kutamka kwamba maono yenyewe ni ya kimungu, na mfafanulie anayeuliza hivyo hivyo. Kanuni mpya za Mei 2024 zinasema kwa kawaida Kanisa halitatamka tena kwamba jambo ni la kimungu. Litasema kama kuna kizuizi au hakuna. Ukisikia mtu kijijini anaona maono, apelekwe kwa paroko, naye kwa askofu. Usirekodi video. Na ule ujumbe wa WhatsApp unaodai Mama Maria amesema utume kwa watu kumi na wawili kabla ya saa sita usiku, ufute bila woga.

Wakikuuliza kuhusu Lourdes, nawe waulize kuhusu Nyakijoga, kituo cha hija cha jimbo la Bukoba kilicho chini ya jina hilo hilo, na kuhusu Kibeho, nchini Rwanda, ambako wengi wao wamefika na wewe bado. Kibeho ndiyo matokeo yaliyothibitishwa karibu nasi kuliko yote. Novemba 28, 1981, katika bwalo la shule ya wasichana, Alphonsine Mumureke alimwona mama aliyejitambulisha kuwa Mama wa Neno. Walifuata Nathalie Mukamazimpaka na Marie Claire Mukangango. Wengine wengi walidai kuona, lakini Askofu Augustin Misago, Juni 29, 2001, aliwathibitisha hao watatu tu. Agosti 1982 waliona mito ya damu na miili isiyozikwa. Mwaka 1994 maelfu waliuawa pale pale parokiani, na Marie Claire naye aliuawa mwaka huo.

Marie Claire ndiye aliyehimiza Rozari ya Mateso Saba, na ukifika Kibeho utaikuta inauzwa. Ina mafungu saba ya punje saba, kila fungu kwa teso moja: unabii wa Simeoni, kukimbilia Misri, kupotea kwa Yesu, kukutana naye njia ya msalaba, kusimama chini ya msalaba, kumpokea akishushwa, na maziko. Mwishoni Salamu Maria tatu kwa machozi ya Mama. Usiitumie kwa rozari ya kawaida, utapoteza hesabu kwenye kumi la kwanza.

Siku zenye watu wengi Kibeho ni Agosti 15 na Novemba 28. Agosti ni kavu na usiku wa mlimani unauma, beba koti zito na blanketi. Novemba ni mvua, beba viatu vinavyovumilia tope. Kutoka Ngara unavuka mpaka wa Rusumo, unapita Kigali, kisha Huye, ndipo Kibeho. Jumuiya ikikodi Coaster, kila mtu awe na pasipoti au hati ya dharura ya safari iliyoshughulikiwa mapema. Mmoja asiye na karatasi anakwamisha gari zima. Mifuko ya plastiki iache nyumbani, Rwanda waliikataza zamani kuliko sisi. Kwa kuchotea maji ya chemchemi ya Kibeho, beba kidumu kigumu chenye kifuniko cha kuzungusha, lita tano zinatosha.

Na saa. Rwanda wako nyuma yetu saa moja. Simu itajibadili yenyewe, saa ya mkononi haitajibadili. Kwenda hakuna tatizo, utawahi misa. Kurudi ndiko kunakoumiza: basi la Rusumo upande wetu linaloondoka saa nane linaondoka wakati simu yako, kama bado imeshika mtandao wa Rwanda, inasema saa saba.