Nilivyohalalisha ukuta nilioubomoa bila kibali

Notisi ilibandikwa getini Ijumaa jioni, ofisi zote zikiwa zimeshafungwa. Ilitaja mambo matatu: nimejenga bila kibali, nimegusa sehemu inayobeba uzito wa jengo, na nimegeuza veranda kuwa chumba cha kulala kisichokidhi kanuni. Nisimamishe kazi mara moja na nifike ofisini ndani ya siku 14.

Kosa langu kubwa kuliko yote nililifanya baada ya notisi, si kabla. Nilimpigia fundi, naye akasema, "Bosi, kesho mapema tupige lipu, tupake na rangi. Wakija wakute nyumba, siyo saiti." Nikamkubalia. Jumamosi nzima tukafunika kila kitu: linta mpya (boriti ya zege juu ya uwazi), mabomba ya nyaya, ncha mbili za ukuta uliokatwa. Fedha nyingi nilizokuja kutoa baadaye zilikwenda kubandua lipu ile. Isitoshe, kuendelea na kazi baada ya kuamriwa usimame ni kosa jingine, na lina faini yake.

Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Tuliondoa ukuta kati ya jiko na sebule ukabaki uwazi wa mita 3, tukaziba veranda ya nyuma ikawa chumba, tukaongeza soketi na taa. Fundi aliniambia kazi ya ndani haihitaji kibali, na nusu ya maneno yake ni kweli: rangi, vigae, kabati, hata mlango unaoingia kwenye fremu ileile, kwa kawaida hakuna atakayekuuliza. Ila ukigusa ukuta unaobeba, ukivuta nyaya mpya au ukibadilisha matumizi ya chumba, hapo umeshavuka. Nami nilikuwa nimevuka mara tatu.

Jumatatu nilikwenda ofisini nikiwa na hotuba yangu kichwani. Mkaguzi, mama mmoja mtaratibu, aliisikiliza yote, kisha akaniambia, "Kujenga bila kibali na kujenga vibaya ni mambo mawili. Hilo la kwanza tutalimaliza kwa maombi na faini. La pili haliishi mpaka nione. Ndani ya ule ukuta mmeweka nini?" Sikuwa na jibu. Nililipa mimi, nyumba ni yangu, na sikujua kilichomo.

Kabla sijaondoka nilimwomba anionyeshe kifungu cha kanuni kwa kila kosa, nikaviandika. Nikaandika pia barua fupi ya kuomba muda zaidi, nikaiwasilisha siku 14 hazijaisha, nakala yangu ikagongwa muhuri. Karatasi ile ilinipa usingizi. Mtu anayeonekana kulishughulikia jambo lake hutazamwa tofauti na aliyejificha.

Kisha nikamtafuta mhandisi. Nilidhani atakaa mezani na kuchora. Kumbe alianza kwa kupanda darini. Aliposhuka alikuwa kimya kidogo. Kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, zilikuwa zimelalia ukuta ule tuliouondoa. Fundi aliugonga kwa nyundo akasema ni ukuta mwepesi, lakini mlio wa ukuta haukuambii kilichokaa juu yake. Mzigo uliokuwa umetandazwa kwenye urefu wote wa ukuta sasa ulikuwa unashuka kwenye ncha mbili za linta. Upande mmoja linta ililalia ukuta milimita 200. Upande wa pili milimita 90 tu, kwa sababu kulikuwa na swichi na fundi hakutaka kuihamisha. Swichi!

Kuhusu zege na nondo, alikuja na vifaa viwili. Kimoja hupitishwa juu ya zege na kutambua chuma kilipo. Kingine ni nyundo ya springi inayogonga zege na kuonyesha imerudi kwa nguvu kiasi gani, ambayo humpa makisio ya ugumu. Makisio, alinisisitizia, si uthibitisho. Ilibidi tubandue lipu sehemu tatu ili aone kwa macho.

Kilichotuokoa kuchimba zaidi ni simu ya mwanangu. Alikuwa amepiga picha siku ya kumwaga zege, kwa kujifurahisha tu, na katika mojawapo zinaonekana nondo nne zikiwa na ringi zake (pete za chuma zinazozifunga), na futi ya fundi imesahauliwa juu ya ubao wa fomu, lile boksi la kumwagia zege. Kwa futi ile mhandisi alisoma nafasi kati ya ringi na kina cha boksi. Akapiga hesabu: linta yenyewe inatosha. Tatizo lilikuwa ile ncha fupi tu. Picha ikaingia kwenye ripoti.

Marekebisho yakawa nguzo moja ya zege chini ya ncha ile, ikiwa na msingi wake. Tulishikiza dari kwa mirunda pande zote mbili, tukavunja sakafu, tukachimba mpaka udongo mgumu, tukafunga nondo. Hapo tukasimama. Fundi alikuwa na mchanganyiko akilini tayari, lakini safari hii nilimwambia hakuna zege mpaka yule mama mkaguzi aje. Alikuja siku ya pili, akapima kina, akaangalia kama nondo zimeinuliwa kutoka kwenye udongo, akasaini. Dakika kumi.

Umeme nilidhani ni jambo dogo. Tulipofungua ukuta, fundi umeme niliyemleta (wa leseni safari hii) alikuta nyaya zimeungwa kwa kusokotwa na kuzungushiwa utepe, halafu zikazikwa kwenye lipu bila boksi. Kiungo kikilegea hupata joto, na kilichozikwa hakuna anayekiona kikiungua. Soketi za jikoni zilivutiwa waya wa milimita 1.5 za mraba, ambao kwa kawaida ni wa taa. Akaweka wa 2.5, akaunganisha ethi (waya wa kupeleka umeme unaovuja ardhini) ambayo haikuwa imefika popote, akafunga na kifaa kinachokata umeme unapovuja kwa miliampia 30. Akatoa cheti cha vipimo. Mkaguzi alikuja tena kabla ya lipu.

Kile chumba cha veranda kina mita 3.6 kwa 3, yaani mita za mraba 10.8. Kanuni tuliyopimwa nayo inataka dirisha lisipungue asilimia 10 ya sakafu. Langu lilikuwa na upana wa mita 0.9 na kimo cha 0.6, nusu kamili ya kinachotakiwa. Nikasema tulipanue palepale. Mhandisi akakataa: ukuta ule ulikuwa karibu mno na mpaka wa jirani, na matundu karibu na mpaka hubanwa kwa sababu ya moto kuruka kutoka nyumba hadi nyumba. Tukaliziba, tukafungua jipya la 1.2 kwa 0.9 ukuta wa nyuma, kizingiti chake kikiwa chini kiasi cha mtu kuweza kutokea wakati wa dharura.

Maombi yangu ya kibali yalirudishwa mara moja. Mchoro ulionyesha dirisha jipya kana kwamba lipo, wakati lilikuwa bado halijafunguliwa. Mchoro wa kazi iliyokwisha kufanyika lazima utenganishe vitu vitatu: kilichokuwepo, kilichovunjwa, na kitakachofanywa. Tulirekebisha kwa mistari ya aina tatu, tukaambatisha ripoti ya mhandisi, cheti cha umeme na picha, tukapeleka tena. Nililipa ada pamoja na faini, ambayo hata hivyo ilikuwa ndogo kuliko gharama ya kubomoa na kupiga lipu upya.

Siku ya ukaguzi wa mwisho, mkaguzi alipitia chumba, akafungua na kufunga dirisha, akabonyeza kitufe cha kujaribu kile kifaa cha umeme kikakata kama inavyotakiwa. Mwisho akasimama chini ya linta, mahali ambapo tulikuwa tumeacha mraba mmoja wazi, zege na tofali vikionekana. Akaweka futi, akatikisa kichwa kukubali, akasaini.

"Sasa hapa mnaweza kuziba," akasema.

Fundi alikuwa ameshachota lipu kwenye mwiko. Nikamwambia asubiri kidogo, nikatoa simu, nikaweka futi kando ya zege, nikapiga picha.