Vidole Vingapi?

Mashua ya babu ilikuwa imelala juu ya magogo Matondoni, kisiwani Lamu, kwa misimu miwili, na huenda ingelala wa tatu kama si Machi ya 2020. Kaka alikuwa mpishi kwenye mkahawa mmoja Doha. Mkahawa ukafungwa kwa ajili ya korona, eneo la viwanda alikokuwa akikaa likawekewa vizuizi, na tarehe 25 mwezi ule Kenya ikasimamisha ndege za abiria za kimataifa. Mshahara hana, njia ya kurudi hana. Baba, aliyezoea kutembeza wageni Shela, hakuwa na hata mgeni mmoja. Akasema chombo kitengenezwe, kikabebe mawe kutoka Maweni upande wa Manda, maana watu wa Amu (Lamu) hawaachi kujenga.

Aliyejua kukalafati, yaani kuziba kwa pamba mishono baina ya mbao za chombo, nyumbani kwetu ni kaka. Mimi nilijua kushika nyundo tu. Bahati saa za Doha na za Amu ni zile zile, kwa hivyo Ramadhani nzima tulikuwa tukimpigia simu baada ya daku, kabla hatujatoka, naye anatueleza kwa sauti ya chini ili asiwaamshe wenzake saba wa chumba kimoja.

Kazi ya kwanza ni kutoa pamba kongwe. Tulitumia kipande cha nondo kilichopigwa ncha na kukunjwa kama ndoano. Panga halifai, hula ukingo wa ubao, na ukingo ukishaliwa, mshono hauna pa kuishika pamba. Misumari iliyoliwa na kutu tuliing'oa, mipya tukaipiga kando, si katika tundu lile lile: kwanza keekee, kisha msumari wenye uzi wa pamba uliolowa mafuta umezungushwa chini ya kichwa. Wako wanaopiga bila keekee, ubao ukapasuka, wakaulaumu mti.

Pamba tulinunua kilo 3 kwa mashua ya futi 24. Inachambuliwa, inasokotwa juu ya paja hadi unene wa penseli, inachovywa mafuta, kisha inakamuliwa. Ikidondosha bado ina mafuta mengi, nayo itateleza badala ya kushika. Sifa, yale mafuta ya papa, hatukuipata ya kutosha, tukachukua mafuta ya nazi ya Mama. Yeye alikuwa akikaanga kaimati za kuuza jioni, kilo 2 za unga kila siku, na lazima ziishe mapema kwa sababu kuanzia saa moja usiku hakukuwa na ruhusa ya kutoka. "Chombo chenu chala kuliko watu," akasema, akaficha dumu la pili.

Kwenye kupiga pamba ndiko nilikoharibu. Mbao zilizokaa juani misimu miwili zimekauka, mishono imefunguka, na mkono wako unakutuma ujaze mpaka pasibaki mwanya. Ukijaza hivyo, mbao zikinywa maji na kuvimba hazina pa kwenda. Hutema pamba nje, au husukumana mpaka misumari ikalegea kwenye mataruma, mbavu za chombo. Kaka alituma sauti: "Pamba moya, si mbili. Ukisikia nyundo yalia kavu, wata." Na kweli sauti hubadilika. Mwanzo chembeu, patasi ya kupigia pamba, inatoa mlio mzito, kama unapiga gunia. Pamba ikishakaa, mlio unakuwa mkavu na mkono unarudishwa. Hapo unaacha, pamba ikiwa imezama milimita 3 hivi ndani ya uso wa ubao, ili chokaa iliyokandwa kwa mafuta ipate pa kuingia.

Hayo niliyafuata kila mahali isipokuwa ubao wa tatu kutoka mkuku (uti wa chini wa chombo), upande wa kushoto karibu na tezi, yaani nyuma. Pale mwanya ulikuwa mpana, nami nikapiga na kupiga nikingoja mlio ambao hauji.

Siku 3 kabla ya Idd tulichoma makuti makavu chini ya chombo, tukiusogeza moto polepole toka omo, yaani mbele, hadi tezi, ubao upate joto bila kuungua. Moto huo huua wadudu wanaotoboa mbao: huingia kwa tundu dogo kama ncha ya sindano, kisha hunenepa humo humo, ukitazama nje huoni kitu. Ubao ungali na joto tukapaka deheni kwa viganja. Shahamu inayeyushwa, chokaa iliyochungwa inatiwa kidogo kidogo hadi iwe nzito kama uji wa mtoto. Chokaa ikizidi, deheni hubanduka vipande vipande. Shahamu ikizidi, hushuka na jua. Siku hizi wengi hupaka lami. Siipendi, hupasuka na kuficha kilicho chini yake.

Idd pili, jioni, maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa sana, yalipojaa, tukaishua mashua majini. Kwa kawaida wangekuja watu ishirini na zaidi kuvuta. Kwa ajili ya korona tulikuwa tisa. Tuliifunga mahali ambapo maji yakipwa chombo kinakaa chini, kwa hiyo hata kikijaa usiku, nasi tumefungiwa majumbani, hakitapotea.

Chombo kilichokauka lazima kiingize maji mwanzoni. Muhimu ni hesabu. Kila maji yakipwa nilisimamisha kijiti kwenye ngama, pale chini ndani ya chombo maji yanapokusanyika, nikapima kwa vidole, nikafungua nguruzi, kizibo cha chini, maji yatoke, nikaifunga tena kabla maji hayajarudi. (Kuna aliyesahau kuifunga, mwaka mwingine. Simtaji, ni baba yangu.) Mara ya kwanza shibiri mbili. Siku ya pili vidole tisa. Siku ya tatu saba, na siku ya nne saba vile vile. Kaka alikuwa akiuliza asubuhi na jioni, "Vidole vingapi?" Nilipomwambia saba mara ya pili, akanyamaza. Maji yanayopungua ni ubao unavimba. Yanayosimama pale pale ni pamba mbovu.

Mimi nilitaka kukalafati upya upande mzima. Akakataa. "Kesho usifungue nguruzi. Wacha maji ndani, zunguka nje, utazame yanatokea wapi." Na tulikuwa na haraka: bamvua lilikuwa linakatika, na maji mafu, yasiyopwa sana, yakija chombo hakikauki chini.

Kesho yake maji yalipokupwa nikazunguka na kipande cha mkaa mkononi. Mbao zote zilikuwa zimelowa tu, ila ubao wa tatu, upande wa kushoto karibu na tezi, ulikuwa na uzi wa maji unaochuruzika. Nikautia alama, nikafungua nguruzi, nikaingia ndani na simu. Kaka ndiye aliyeona kwanza, kwenye video: kishada cheupe kinaning'inia baina ya mataruma mawili. Nyundo yangu ilikuwa imeipitisha pamba hadi ndani, ndiyo maana mlio haukuja. Penye mwanya kama huo pamba haisukumwi moja kwa moja. Hukunjwa vitanzi vidogo vidogo, na mtu wa pili hukaa ndani kutazama.

Baba akakaa ndani. Nikafukua kama nusu mita, nikapangusa, nikaanza na vitanzi. Safari hii mlio ulikuja upesi. Deheni haishiki ubao mbichi, kwa hiyo tuliukausha kwa mwenge wa makuti kabla ya kupaka, maji tayari yakitufikia magotini.

Asubuhi kaka akauliza vidole vingapi. "Viwili," nikamwambia. Akauliza kama tanga limeshatiwa viraka.