Plasta za farasi, zile sehemu bandeji haizunguki

Chini ya goti hakuna kesi, unaweka gozi (shashi, kile kitambaa chepesi cha kufunikia kidonda), pamba, unazungusha bandeji umemaliza. Kazi ipo jeraha likiwa kifuani, begani, juu ya paja, kwapani au pale kati ya mabega linapokaa tandiko, maana hapo huna cha kuzungushia, na ndo watu wanakimbilia plasta za kubandika halafu wanauliza ipi ina gundi kali kuliko zote. Mi naona tungeanza na ngozi, gundi ije baadaye.

Ngozi ya farasi ina manyoya, ina mafuta, inatoa jasho karibu mwili mzima, na kibaya zaidi chini yake kuanzia begani mpaka ubavuni kuna msuli mpana mwembamba ambao kazi yake ni kuitikisa ngozi nzi akitua. Utamwona kasimama tu katulia lakini ngozi inacheza yenyewe. Sasa wewe bandika plasta juu ya hiyo ngozi bila kuiandaa, hata iwe na gundi ya kubandikia bati, jioni utaiokota kwenye matandiko ya banda.

Kwa hiyo nyoa kwanza. Ila kabla hujawasha mashine paka jeli inayoyeyuka kwa maji ndani ya jeraha, manyoya yatanasa humo badala ya kuingia kwenye nyama, ukimaliza unasuuza vyote pamoja kwa maji ya chumvi (gramu 9 za chumvi kwa lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa). Nyoa eneo la kutosha pembeni, mi nanyoa kama vidole vinne kila upande kwa sababu plasta inashika kwenye ngozi isiyo na jeraha, haishiki kwenye kidonda. Kausha. Pitisha spiriti kwenye ile ngozi isiyo na jeraha tu kuondoa mafuta, ISIGUSE jeraha, halafu subiri ikauke kabisa, na hapo kwenye kusubiri ndo wengi tunakosa uvumilivu.

Sasa aina zenyewe. Ile bandeji ya rangi rangi inayojishika yenyewe kwa yenyewe sio plasta jamani, haishiki kwenye ngozi wala manyoya, begani haina msaada. Inayovumilia kwenye mwili ni plasta ya kitambaa inayovutika, ile pana ya roli, unaweka gozi isiyogandana na kidonda, juu yake pedi ya kunyonya, ndo unafunika na vipande vya plasta. Zile za sponji zenye silikoni pembeni ni laini, unaweza kuinua ukaangalia ukarudishia, nazipenda sehemu zenye ngozi nyembamba kama usoni (mbali na jicho), ila jasho likizidi zinaachia, inabidi uzishikilie pembeni na ile ya kitambaa. Za hidrokoloidi, zile zinazogeuka jeli zikikutana na majimaji, ziweke kwa kidonda kidogo kisafi, na chini ya goti mi siziweki bila daktari wa mifugo kusema, kwa sababu huko farasi ana tabia ya kuotesha nyama nyekundu inayochomoza juu ya kidonda na kufunika kwa namna hiyo kunaweza kuichochea. Sprei ya rangi ya fedha kwa mikwaruzo sawa, kwa shimo hapana.

Ukibandika usivute miisho. Vuta kidogo katikati ukitaka, lakini miisho ilale bila kuvutwa, la sivyo inaburuta ngozi mpaka inatoa malengelenge. Kata kona ziwe za duara, zile kali ndo zinaanza kubanduka. Kandamiza na kiganja mpaka ipate joto, kisha mtembeze hatua kadhaa uangalie inakunjamana wapi, hapo ndo pa kukata na kupanga upya.

Kama jeraha ni kubwa, juu ya paja au begani, kusema kweli muulize daktari kuhusu kushona vitanzi vya uzi kwenye ngozi kuzunguka jeraha, gozi inakaa katikati halafu kamba inapitishwa kwenye vitanzi na kukazwa kama kamba za kiatu, kubadilisha ni kufungua na kufunga tu, gundi haihusiki kabisa. Mi naona inashinda plasta yoyote.

Na kuna wakati usifunike. Majeraha ya kifuani na mwilini mengi yanajivuta na kufunga vizuri kuliko ya miguuni, madaktari wengi wanayaacha wazi yatiririke, wewe unasafisha, unafukuza nzi, na unapaka mafuta ya mgando kwenye ngozi iliyo CHINI ya jeraha ili yale majimaji yasiiunguze. Kwapani ni habari nyingine, jeraha la pale linaweza kuvuta hewa kila akipiga hatua, hewa inasambaa chini ya ngozi, ukibonyeza unasikia inachakarika, hiyo ni ya daktari haraka na farasi asitembezwe. Vilevile tundu lolote karibu na kiungo, hasa likitoa ute wa njano unaonata, piga simu, usipoteze muda na plasta. Na uliza chanjo ya pepopunda, farasi wanaathirika nayo vibaya sana.

Kutoa: lainisha kwa mafuta ya mtoto, shika ngozi kwa mkono mmoja, kunja plasta irudi juu yake yenyewe uivute chini chini kufuata manyoya yanakolala, sio juu kuelekea kwako. Ukiing'oa kwa nguvu mara ya kwanza, mara ya pili akiona tu mkono unakuja anakugeuzia makalio, na hapo utahitaji mtu wa pili wa kumshika.