Salamu Kumi na Moja

Boti ilipotuvusha kutoka uwanja wa ndege wa Manda hadi gatini Amu, mji wa Lamu, Januari ile ya 2014, mama alinitazama usoni akasema, "Umekonda." Hakuuliza zaidi.

Nilitoka Tromsø, kaskazini mwa Norwei, nilikomfuata mume wangu. Kule jua huzama mwishoni mwa Novemba, halichomozi tena hadi katikati ya Januari. Adhuhuri tuliijua kwa saa ya ukutani. Watu hudhani shida ni baridi. Baridi ina koti. Mimi nililiwa na kimya. Nilianza kuhesabu siku ambazo hakuna aliyenisemesha nje ya nyumba, nikafika tisa, nikaacha. Usiku usingizi hauji, mchana sinyanyuki kitandani.

Daktari aliniuliza kupitia mkalimani wa simu, mtu wa bara: "Una huzuni?" Nikajibu sina, hatukufiwa. Kwetu huzuni ina matanga. Akanipa vitamini D, akanishauri niketi mbele ya taa kali kila asubuhi. Neno sonona, ugonjwa wa kushuka moyo, nilikuja kulisikia miaka mingi baadaye. Lakini hata mkalimani angelitumia siku ile, ningemwuliza ndiyo nini.

Siku ya pili mama akanichukua mtaa wa Langoni kumwamkia mama mkubwa. Vichochoro ni vilevile: unajibana ukutani punda apite, na kila baraza ina mtu. Sabalkheri. Waambaje? Za safari? Mume hajambo? Mtakaa? Sauti hizi ndizo nilizoziota gizani kule. Kufikia ya sita mdomo umenikauka. Ya kumi na moja ilikuwa ya mzee aliyenijua tangu sijaota meno, "Ndiwe wewe?" tu, nami nikashindwa kumjibu. Nikavuta ushungi juu ya uso, machozi yananimwaika.

Mama akanisukuma ndani ya daka, kibaraza cha mlangoni, la nyumba ya watu, akanikalisha, akasimama mbele yangu kama pazia. Kila aliyepita, mama ndiye aliyemjibu: "Hajambo, ni uchovu wa safari."

Jioni mwalimu aliletwa. Akaandika kombe, aya za Kurani, kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaliosha kwa marashi, nikanywa. Sikubisha; mtu alikuwa amenishughulikia.

Kesho yake mama alinipitisha pwani, njia ndefu, saa ambayo wanaume wako msikitini. Tulikutana na watu wawili. Mmoja nilimjibu.