Spika ya mtumba inayomwambia Mama kwamba maji yamefika

Nilinunua spika janja ya Google aina ya Nest Mini katika kibanda kimoja cha Luthuli Avenue jijini Nairobi, ikiwa imetumika Uingereza kabla ya kuletwa huku pamoja na mzigo wa runinga na redio, na bei yake ilitulia kwenye shilingi 2,000 baada ya mabishano marefu kuliko yanavyostahili kitu kisichozidi upana wa kiganja. Sikuitafuta kwa ajili ya muziki. Mtaani kwetu Donholm maji ya mfereji huja kwa zamu na bila kupiga hodi, nami nilikuwa nimekwisha kuweka kipimo cha kina ndani ya tangi la chini, kinachotuma habari kwa kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inayoendesha Home Assistant, programu ya kusimamia vifaa vya nyumbani. Habari hizo zilinifikia mimi kazini kwa simu, ilhali anayeshinda nyumbani na kuwasha pampu ni Mama, ambaye simu yake hulala ndani ya mkoba, na mkoba ndani ya kabati.

Tatizo la kwanza lilikuwa umeme. Spika ya awali ya jamii hii, Home Mini ya mwaka 2017, hutumia waya mdogo wa USB kama wa simu za zamani, lakini Nest Mini ya 2019 ina tundu la duara. Muuzaji alinipa adapta ya ruta ambayo kichwa chake kiliingia vizuri kabisa, ila kibandiko chake kilisema volti 12, na adapta halisi ya Nest Mini hutoa volti 14. Nilimrudishia, naye akafukua kwenye kapu la nyaya hadi akaipata yenyewe, yenye pini tatu bapa za Uingereza zinazoingia kwenye soketi zetu bila kubadilishwa.

Nyumbani nilikuta spika bado inamkumbuka mwenyewe wa zamani na inautafuta mtandao wake. Dawa ni kuirejesha katika hali ya kiwandani: unazima maikrofoni kwa swichi ya pembeni, taa nne zinageuka rangi ya machungwa, kisha unabonyeza katikati ya kitambaa na kushikilia kwa takriban sekunde 15 hadi isikike sauti ya kuthibitisha. Mara ya kwanza niliachia mapema na ikawa kazi bure. (Anayenunua Echo ya Amazon ahakikishe kwanza kwamba mwenye awali ameiondoa kwenye akaunti yake, kwa kuwa kubonyeza vitufe peke yake huenda kusitoshe.)

Kisha nikajitia ujanja. Kwa kuwa sikuiamini spika ya mtumba, niliiunganisha na mtandao wa wageni kwenye ruta, na Home Assistant haikuiona kamwe, kwani spika hizi hujitambulisha kwa matangazo yasiyovuka kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Nilipoihamishia kwenye mtandao wa nyumba ilijitokeza papo hapo. Hata hivyo, kila nilipoituma iseme neno, ilitoa mlio mfupi wa kupokea, kisha kimya. Jioni nzima ilipotea hapo. Spika hii huuliza majina ya anwani kwa Google moja kwa moja badala ya kuiuliza ruta, kwa hiyo jina la ndani la kompyuta yangu linaloishia na .local, ambalo spika ilielekezwa ikachukue sauti hapo, halina maana yoyote kwake. Nilipoandika badala yake namba ya IP ya kompyuta hiyo, yaani anwani yake ya tarakimu, kwenye mipangilio ya Home Assistant, sauti ikatoka.

Katika orodha ya lugha ambazo spika ingeweza kunisikiliza nazo, Kiswahili hakikuwamo, jambo lisilonisumbua kwa sababu nilihitaji mdomo na si sikio, na maikrofoni nimeiacha imezimwa. Ya kusema nilimwachia Piper, programu inayogeuza maandishi kuwa sauti ndani ya kompyuta yangu mwenyewe, na sauti yake ya Kiswahili imeorodheshwa kuwa ya Kongo. Nilitumaini kwamba kwa njia hiyo tangazo lingesikika hata intaneti ikikatika, lakini sivyo: kabla ya kucheza chochote, spika huvuta kwanza kutoka intaneti programu yake ya kupokelea.

Jumanne maji yalipoanza kupanda tangini, spika ilisema jikoni, «Mama, maji yamefika, washa pampu.» Mama alijibu, «Haya, nimesikia,» akafuta mikono, kisha akaiuliza kama leo yana presha. Ilinyamaza. Alinipigia simu kunieleza kwamba mgeni wangu wa Lubumbashi hana adabu, anatoa amri lakini hajibu maswali. Sasa naandika sentensi ya pili, itakayotaja ni sentimita ngapi zimeongezeka tangini katika dakika 5 za kwanza.